Chanjo ya Polio ya Mwaka wa 1955: Kosa Lililoifunza Dunia Kupima na Kupima Tena

 

Kuna swali ambalo wahudumu wa afya huulizwa mara kwa mara kwenye kliniki ya watoto. Mama amempakata mwanawe, zamu yake imefika, muuguzi ameshika sindano, naye mama anauliza kwa sauti ya chini, "Sista, hii chanjo ni salama kweli?" Wengine hawaulizi kwa kuogopa kukaripiwa. Hurudi nyumbani na shaka zao, na tarehe ya kliniki ikifika tena hawaonekani.

Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mzazi anayempenda mtoto wake. Leo hatutalijibu kwa kusema tu, "Msiwe na hofu." Tutawasimulia jambo lililotokea kweli nchini Marekani mwaka wa 1955, wakati chanjo iliyotengenezwa kuzuia polio ilipowapooza watoto. Ni habari ya kuhuzunisha. Lakini mama akiijua, ataelewa kwa nini chanjo za leo hupimwa jinsi zinavyopimwa, na ataona kwamba yeye mwenyewe ana kazi katika ulinzi huo.

Kwanza, tukumbushane polio ni nini. Polio ni ugonjwa unaoletwa na virusi, yaani viini vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Virusi vya polio huishi tumboni na hutoka pamoja na choo. Humwingia mtoto mwingine kupitia mikono isiyonawiwa, maji machafu au chakula kilichochafuliwa. Watoto wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, au hupata homa kidogo na kupona. Lakini kwa mmoja kati ya 200 hivi, virusi hufika kwenye mishipa ya fahamu na kuharibu ile inayoendesha misuli. Mguu unalegea ghafla, na mara nyingi hauponi. Misuli ya kupumua ikishambuliwa, mtoto anaweza kufa. Mpaka leo hakuna dawa ya kuponya polio. Kuna kinga tu.

Katika Marekani ya miaka hiyo, kila majira ya joto yalipofika wazazi waliingiwa na hofu. Madimbwi ya kuogelea yalifungwa. Watoto walikatazwa kucheza katika mikusanyiko. Hospitali zilikuwa na mashine kubwa za chuma ambamo mgonjwa alilazwa, kichwa tu kikiwa nje, ili mashine impumulie. Mwaka wa 1952 peke yake, karibu watu 58,000 waliugua polio nchini humo na zaidi ya 3,000 walikufa. Hata tajiri hakusalimika. Franklin D. Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka wa 1921 akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka wa 1938 alianzisha shirika la kupambana na polio, na wananchi wa kawaida wakalichangia sarafu za senti kumi kumi. Fedha hizo ndizo zilizolipia utafiti. Kwa hiyo wazazi wa Marekani waliingojea chanjo hiyo kama watu wanaongojea mvua baada ya kiangazi kirefu.

Sasa, chanjo hutengenezwa vipi? Mwili wa mtoto una askari wake wa kupigana na magonjwa. Askari hao wakionyeshwa adui mapema, humtambua siku atakapokuja kwa kweli na kumshinda haraka. Kazi ya chanjo ni kumwonyesha askari sura ya adui bila kumpa adui nafasi ya kudhuru. Njia mojawapo ni kuviua virusi kwanza, halafu kumdunga mtoto virusi hivyo vilivyokufa. Sura bado ipo, lakini nguvu ya kuugua haipo.

Ugumu uko hapo hapo. Ukiviua virusi kwa nguvu kupita kiasi, sura yake huharibika na mwili haujifunzi chochote. Ukiviua nusu nusu, vinavyobaki hai vitamwambukiza mtoto. Ni lazima vife vyote, na sura ibaki.

Jambo hili lilijaribiwa mapema. Mwaka wa 1935 madaktari wawili wa Marekani, Maurice Brodie wa New York na John Kolmer wa Philadelphia, kila mmoja kwa njia yake, walitoa chanjo za polio kwa maelfu ya watoto. Baadhi ya watoto walipooza, na wengine wakafa. Chanjo zote mbili zikasimamishwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, wanasayansi waliogopa kujaribu tena.

Mlango ulifunguliwa tena mwaka wa 1949. John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins, waliokuwa wakifanya kazi Boston, walifaulu kukuza virusi vya polio katika chupa za maabara bila kutumia mishipa ya fahamu ya wanyama. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1954. Sasa virusi viliweza kupatikana kwa wingi na vikiwa safi zaidi.

Ndipo akaja daktari Jonas Salk wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Salk alikuza virusi katika chembe za figo za tumbili. Kisha alivichanganya na fomalini, dawa kali ya kuua viini. Alitumia fomalini kidogo, sehemu moja kwa sehemu 4,000 za maji ya virusi, akauweka mchanganyiko huo kwenye joto linalokaribia joto la mwili kwa siku kadhaa. Kila mara alitoa kiasi kidogo na kupima virusi vingapi vimebaki hai. Aliona idadi ikishuka kwa mpango, kama mtu anayeshuka ngazi. Akachora mstari na kupiga hesabu: tukifika siku fulani, hakutakuwa na kirusi hata kimoja kilicho hai, na tukiongeza siku kadhaa juu yake, tutakuwa salama zaidi.

Mwaka wa 1954 chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa shule. Watoto wapatao milioni 1.8 walishiriki. Wengine walidungwa chanjo, wengine walidungwa maji yasiyo na dawa, na wengine walifuatiliwa tu ili walinganishwe. Aliyesimamia hesabu ni daktari Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan. Katika jaribio hilo kila toleo la chanjo, yaani kila pipa lililotengenezwa kwa mara moja, lilipimwa mahali patatu: kiwandani, katika maabara ya Salk, na katika maabara ya serikali. Tushike jambo hilo akilini, kwa maana tutalirudia.

Tarehe 12 Aprili 1955, Francis alitangaza matokeo. Chanjo ilikuwa salama, na ilizuia sehemu kubwa ya polio ya kupooza. Kengele za makanisa zililia. Watu walikumbatiana barabarani na wengine wakalia kwa furaha. Siku hiyo hiyo, baada ya kikao cha saa chache, serikali ilitoa leseni kwa viwanda vitano kutengeneza na kuuza chanjo. Kimojawapo kilikuwa kiwanda cha Cutter, kilichokuwa mji wa Berkeley, jimbo la California.

Furaha hiyo haikumaliza wiki mbili.

Karibu na mwisho wa Aprili, taarifa zilianza kufika kutoka California na majimbo mengine. Watoto waliokuwa wamedungwa chanjo siku chache kabla walikuwa wakipooza. Kulikuwa na dalili moja iliyowashtua madaktari. Polio ya kawaida mara nyingi hushika miguu. Watoto hawa walipooza kwanza ule mkono uliodungwa sindano. Tena wengi wao walikuwa wamepewa chanjo kutoka kiwanda kimoja, Cutter.

Tarehe 27 Aprili, mkuu wa afya ya umma wa Marekani, daktari Leonard Scheele, alikitaka kiwanda hicho kiondoe chanjo yake yote, nacho kikaiondoa siku hiyo hiyo. Siku ya pili yake, kitengo maalumu cha kufuatilia polio kilianzishwa chini ya daktari Alexander Langmuir. Maafisa wake walikusanya ripoti za kila siku kutoka nchi nzima: mtoto gani ameugua, alidungwa lini, alidungwa mkono upi, chanjo ilikuwa ya kiwanda gani na ya toleo namba ngapi. Walifuatilia pia ndugu, wazazi na majirani wa watoto hao. Mapema mwezi wa Mei, serikali ilisimamisha chanjo ya polio nchi nzima ili viwanda vyote vikaguliwe.

Hesabu ilipokamilika, ilikuwa ya kutisha. Watoto wapatao 40,000 walikuwa wamepata maambukizi mepesi ya polio kutokana na chanjo hiyo. Watu wapatao 200 walipooza, na 10 walifariki. Si wote waliokuwa wamedungwa. Wengine walikuwa mama, baba, ndugu na majirani walioambukizwa na watoto waliodungwa, kwa sababu virusi vilivyokuwa hai ndani ya chanjo viliweza kuenea kama polio yoyote.

Ilikuwaje? Mama yeyote anayepika ugali ataelewa upesi. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto na usisonge vizuri, hufanyika madonge. Kwa nje donge limeiva, lakini ukilipasua, katikati kuna unga mkavu ambao maji hayakuufikia. Ndivyo ilivyokuwa katika mapipa ya chanjo. Virusi vilishikana pamoja na mabaki ya chembe za figo za tumbili. Fomalini iliua vilivyokuwa nje, lakini haikufika katikati ya madonge hayo. Salk alikuwa amechuja maji yake kwa makini kabla ya kutia dawa. Kiwanda cha Cutter kilitumia vichujio vya aina nyingine ambavyo havikuyaondoa madonge vizuri. Tena maji ya virusi yakikaa siku nyingi kabla ya kutiwa dawa, masimbi hujikusanya chini, kama yanavyojikusanya kwenye mtungi. Ile hesabu ya mstari unaoshuka mpaka mwisho haikufaa tena. Idadi ya virusi ilishuka, kisha vichache vilivyojificha vikakataa kufa.

Sababu ya pili ilikuwa upimaji. Fikiria gunia la mchele. Ukichambua sahani moja na usione jiwe, je, unaweza kuapa kwamba gunia zima halina jiwe? Vipimo vya wakati huo vilichukua kiasi kidogo tu cha chanjo kutoka kila toleo. Virusi vichache katika pipa kubwa viliweza kupita bila kuonekana, na pipa hilo lilitosha kudunga maelfu ya watoto.

Sababu ya tatu ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu iliweza kuepukwa. Ule upimaji wa mahali patatu uliotumika mwaka wa 1954 uliachwa leseni zilipotolewa. Serikali sasa ilisoma karatasi zilizoandikwa na viwanda vyenyewe. Kiwanda kilichoona virusi hai katika toleo moja kililitupa na kuendelea na lingine, bila kulazimika kuieleza serikali kwamba kazi yake inaleta matatizo. Na Cutter haikuwa peke yake. Viwanda vingine pia vilikuwa vikisumbuka kuviua virusi vyote. Lakini kila mmoja alijua yake tu, na hakuna aliyeliona tatizo zima.

Kuna mwanamke mmoja katika habari hii ambaye jina lake halisemwi mara nyingi. Anaitwa Bernice Eddy. Alikuwa mwanasayansi katika maabara ya serikali ya Marekani ya kukagua chanjo. Kabla ya leseni kutolewa, alidunga tumbili sampuli za chanjo kutoka viwandani, na baadhi ya tumbili hao walipooza. Aliwaeleza wakubwa wake. Onyo lake halikusimamisha kazi. Watu walikuwa na haraka, na haraka hiyo ilitokana na nia njema ya kuokoa watoto kabla ya majira ya joto. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Aliyeona hatari alisema, lakini hapakuwa na utaratibu uliowalazimisha wakubwa kumsikiliza.

Basi baada ya msiba huo, je, Marekani iliitupa chanjo ya polio? Hapana. Ilirekebisha kazi. Viwanda vilitakiwa kuchuja tena katikati ya siku za kuua virusi, ili madonge yaliyofanyika baadaye yaondolewe. Kiasi cha chanjo kilichochukuliwa kwa kipimo kiliongezwa. Kiwanda kilitakiwa kuonyesha matoleo mengi mfululizo yaliyo salama, na kutoa taarifa ya yaliyoharibika pia. Mwaka huo huo wa 1955 serikali ilipanua idara yake ya kukagua chanjo na kuiongezea wataalamu. Chanjo ilirudi mwaka huo huo ikiwa chini ya masharti mapya. Watoto wakaendelea kudungwa kwa mamilioni, na msiba kama ule wa Aprili haukujirudia. Kufikia mwaka wa 1962, wagonjwa wa polio Marekani nzima walikuwa wamepungua kutoka karibu 58,000 wa mwaka wa 1952 hadi chini ya 1,000.

Hapa akina mama tupate fundisho la kwanza. Chanjo haiwi salama kwa sababu aliyeitengeneza ni mtu mwema au msomi. Salk alikuwa msomi na alikuwa na nia njema. Chanjo huwa salama kwa sababu kila toleo hupimwa, hupimwa na mtu mwingine asiye muuzaji, na jambo baya likitokea husemwa upesi na kufuatiliwa mpaka chanzo kijulikane.

Fundisho la pili tulilipata hapa kwetu Afrika, na linatoka upande mwingine. Mwaka wa 2003 baadhi ya viongozi wa Nigeria ya kaskazini, hasa jimbo la Kano, walisimamisha chanjo ya polio ya matone. Kulikuwa na uvumi kwamba imetiwa dawa ya kuwafanya wasichana kuwa tasa. Uvumi huo haukuwa wa kweli. Hata hivyo watu waliuamini, na kazi ya chanjo jimboni Kano ilisimama kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Ilirudi mwaka wa 2004, baada ya vipimo na mazungumzo marefu, na kwa kutumia chanjo iliyotoka Indonesia, nchi ambayo wakazi wa Kano waliiamini.

Lakini virusi havikungoja mazungumzo. Kutoka Nigeria vilisambaa nchi nyingi, vikafika Yemen, na mwaka wa 2005 vikaingia Somalia. Mwaka wa 2006 polio ilionekana tena Kenya, katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, baada ya nchi yetu kukaa miaka 22 bila mgonjwa. Mwaka wa 2013 virusi viliingia tena upande huo huo wa Garissa, na watu 14 wakaugua. Mtoto anayepooza Dadaab hajui Kano iko wapi.

Ukilinganisha habari hizo mbili, utaona tofauti. Mwaka wa 1955 hatari ilikuwa ya kweli, ikafuatiliwa kwa ushahidi, chanjo ikasimamishwa kwa muda mfupi, ikarekebishwa na kurudi. Mwaka wa 2003 hatari ilikuwa ya maneno, na muda uliopotea ukawalipisha watoto. Kuuliza si vibaya. Ubaya ni kuuliza halafu kukataa kungoja jibu, au kumnyima mtoto chanjo kwa neno la mtu ambaye hajapima chochote.

Sasa turudi nyumbani. Mtoto wa Kenya hupewa matone ya polio anapozaliwa, na tena akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Matone hayo yana virusi vilivyo hai lakini vilivyodhoofishwa. Ni kinga nzuri na rahisi kutoa. Tuseme ukweli wote: kwa nadra sana, kama mara moja katika dozi milioni 2.7, matone hayo yanaweza kumpooza mtoto. Na mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo vilivyodhoofishwa vinaweza kuzunguka kwa muda mrefu na kupata nguvu tena. Ndiyo maana kuanzia Desemba 2015 Kenya iliongeza sindano ya polio katika ratiba, akiwa na wiki 14. Sindano hiyo ni chanjo ya aina ya Salk, virusi vilivyouawa kwa fomalini, ikitengenezwa kwa masharti yaliyotokana na msiba wa 1955.

Huenda mama atasema, "Fomalini? Si ndiyo ile ya kuhifadhi maiti?" Ndiyo, ni dawa hiyo hiyo. Lakini kinachobaki ndani ya chanjo baada ya kusafishwa ni kidogo mno. Mwili wa mtoto wa miezi miwili wenyewe hutengeneza kemikali hiyo, na wakati wowote una nyingi kuliko iliyomo katika sindano moja. Fomalini pia hutumika kuondoa ukali wa sumu ya dondakoo na ya pepopunda katika chanjo nyingine wanazodungwa watoto wetu.

Tena iko alama ambayo mama anaweza kuiona kwa macho yake. Kwenye chupa nyingi za chanjo kuna duara dogo lenye mraba ndani yake. Alama hiyo ilianza kutumika kwenye matone ya polio mwaka wa 1996. Mraba ukiwa na rangi nyepesi kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Mraba ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, chupa hiyo haifai kutumiwa. Mama ana haki ya kumwomba muuguzi amwonyeshe. Muuguzi mzuri atafurahi kuulizwa.

Na je, baada ya chanjo? Mtoto anaweza kupata joto kidogo, kulia, au kuvimba kidogo mahali alipodungwa. Hayo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Mnyonyeshe, mvalishe nguo nyepesi, na ufuate ushauri wa muuguzi kuhusu dawa ya homa. Lakini akipata degedege, akishindwa kupumua, akilia kwa saa tatu bila kunyamaza, homa ikiwa kali, au mkono au mguu ukilegea, mpeleke kituo cha afya mara moja. Chukua kijitabu cha mama na mtoto, na useme alichanjwa siku gani. Mhudumu anatakiwa kuandika ripoti. Ripoti hizo hufika kwa wakuu wa afya wa kaunti na kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na namba ya toleo iliyo kwenye chupa huonyesha chanjo ilitoka wapi, kama ilivyokuwa mwaka wa 1955.

Hata asiyechanjwa karibuni, mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu wake umelegea ghafla anapaswa kuripotiwa bila kuchelewa. Choo chake huchukuliwa mara mbili, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanza, na kupelekwa maabara ili kutafuta virusi vya polio. Usimweke nyumbani ukimkanda kwa mafuta na kungoja. Usiseme amerogwa. Siku zikipita, ushahidi hupotea, na huenda virusi vinaelekea kwa mtoto wa jirani.

Waliougundua msiba wa 1955 hawakuanza kwa mashine kubwa. Walianza kwa wazazi walioona mkono wa mtoto umelegea, wakamwita daktari, na daktari akapiga simu kutoa taarifa. Kama kila mmoja angenyamaza, chanjo mbaya ingeendelea kudungwa. Basi mama unapouliza kliniki, unapotunza kijitabu, unapoeleza ulichokiona, wewe pia ni mkaguzi wa chanjo. Na unaporudi tarehe uliyopangiwa, unamlinda mwanao pamoja na mtoto wa jirani yako.

Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kumbuka, kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini.

Mambo ya kukumbuka

1. Mwaka wa 1955 chanjo ya polio kutoka kiwanda kimoja cha Marekani ilikuwa na virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza na 10 walifariki.
2. Chanzo kilikuwa virusi vilivyojificha ndani ya madonge, vipimo vichache, na onyo ambalo halikusikilizwa.
3. Utengenezaji na ukaguzi vilirekebishwa, chanjo ikarudi, na polio ikapungua sana.
4. Uliza maswali kliniki, na ungoje jibu la mtu anayejua.
5. Mtoto akilegea mkono au mguu ghafla, toa taarifa siku hiyo hiyo.
6. Kamilisha chanjo zote zilizoandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni uvumi gani kuhusu chanjo umewahi kusikika kijijini mwenu? Nani aliupima?
2. Mtoto akilegea mguu ghafla katika mtaa wenu, mtampasha habari nani kwanza?
3. Mmewahi kuiona alama ya duara na mraba kwenye chupa ya chanjo? Mwombeni muuguzi awaonyeshe.